Mmenikubalia, Mkaniponza

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Mji,
Ofisi Kuu, ghorofa ya pili (kama bado hamjaipangisha).

Mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BARAZA KWA KOSA LA KUKUBALI MAPENDEKEZO YANGU

Pokea salamu za mtu ambaye ofisi yako inamjua kwa mwandiko kuliko kwa sura. Mimi ni fundi makochi wa mtaa ule wa nyuma ya soko la mbao, na ni mwenyekiti wa Umoja wa Walipakodi Wavumilivu, wenye wanachama hai watano na mmoja anayekuja mvua ikimkuta karibu. Naandika nikiwa na akili timamu, nimekwisha kula, na mke wangu ana mteja saluni kwake, kwa hiyo haya ni maneno yangu mwenyewe.

Kabla sijaingia kwenye malalamiko, niweke wazi msimamo wangu, asije mtu akasema fundi amegeuka. Sijageuka. Naamini, kama nilivyoamini tangu ujana, kwamba serikali ni kama kochi: likijazwa sponji kupita kiasi halikaliki. Naamini uchumi ulioanguka hauinuliwi kwa kuongeza makarani wa kuutazama ulivyolala. Naamini mtu aachiwe jasho lake, naye atajua pa kulipeleka. Kaulimbiu ya Umoja wetu, niliyoibuni mwenyewe nikiwa na misumari mdomoni, ni "Serikali nyembamba, raia mnene," nayo ingali juu ya mlango wa karakana yangu, ingawa mvua imefuta neno la mwisho.

Kwa miaka mingi, kila bajeti ilipokaribia, nilivaa koti langu la kijivu nikamletea mapendekezo aliyekutangulia, yule mzee ambaye mji mzima tulimwita Haiwezekani. Alinikaribisha, akaniagizia chai, akasoma yote bila kuruka ukurasa, halafu akavua miwani na kusema kwa upole, "Fundi, haiwezekani." Nami nikainuka nimekasirika vizuri. Nikarudi mtaani kuwasimulia watu jinsi tusivyosikilizwa, wakanionea huruma, wakaninunulia soda, mwaka ukaisha. Yalikuwa maisha yenye mpangilio. Mtu alijua mpinzani wake yuko ghorofa ya ngapi.

Ndipo ukaja wewe na Mpango wa Kufufua Uchumi wa Mji. Nilikupigia kura, na sikuficha. Nikaleta mapendekezo yangu kama kawaida. Ukayapokea ukiwa umesimama, ukafungua ukurasa wa mwisho, ukasema, "Imekubaliwa." Nikauliza, "Lipi, Mheshimiwa?" Ukasema, "Yote." Hata chai haikuja, maana mojawapo ya mapendekezo lilikuwa kufuta chai.

Nilishuka ngazi nikitafuta hasira yangu, nisiione. Tangu siku ile nimepatwa na mambo, nayo nayapanga kama ifuatavyo.

1. Kwamba mlikubali bila kubishana.

Mwenye kupendekeza huomba gunia ili apewe kikapu. Hata sokoni, muuzaji akikutajia bei nawe ukailipa palepale, yeye ndiye atakayelala na mashaka. Niliomba wafagiaji wote waondolewe nikitarajia mumwondoe mmoja, yule anayefagia amekaa. Niliomba taa za barabarani zikatwe nikiwa na maana ya zile za mbele ya benki zinazowaka mchana kulisaidia jua. Niliomba usafishaji wa mtaro uachiwe sekta binafsi. Sikujua, Mheshimiwa, kwamba sekta binafsi ni mimi.

2. Kuhusu mfagiaji.

Mtaa wetu ulikuwa ukifagiwa na mama mmoja tuliyemwita Bi Alfajiri, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa tukimsikia bila kumwona. Mlipomwachisha kazi nilimfuata kumpa pole, maana mimi si mtu wa roho mbaya. Nikamweleza kwamba huo haukuwa mwisho bali mwanzo. Kwamba sasa ameingia katika soko huria, ambako bidii ndiyo inayopanga bei. Alinisikiliza kwa makini sana, akiwa ameegemea fagio lake.

Maranda ya soko la mbao yalipoanza kuruka na kuganda kwenye gundi yangu, nilirudi kumwomba afagie mbele ya karakana peke yake. Akataja bei. Nikamwambia, "Bi Alfajiri, hiyo ni zaidi ya ulichokuwa ukilipwa na Baraza kwa mtaa mzima." Akasema, "Baraza tulizoeana, fundi. Wewe ni mteja mpya." Nikamwambia basi nitamtafuta mwingine. Akanielekeza kwa mwingine, tena kwa ukarimu, hadi mlangoni. Huyo mwingine akanitajia bei ileile, na akaniuliza kama Bi Alfajiri hajambo. Walikuwa wamekwisha kukaa wakapatana, wafagiaji wote walioachishwa.

Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kwamba neno soko nilimfundisha mimi, bure.

3. Kuhusu taa.

Hapa nitasema kidogo kwa sababu ya heshima za watu. Jirani yangu wa kushoto ni muuza dawa, na ndiye mweka hazina wa Umoja wetu. Jioni moja, katika giza mlilotupatia kwa ombi langu, alinikuta nimesimama kwenye kibaraza nimejifunika shuka kwa baridi. Akasema, "Shikamoo, mama." Alidhani mimi ni mama mkwe wake, ambaye alikuwa akingojewa aje kusuluhisha jambo. Nami nikaitikia marahaba kabla sijafikiri. Kufumba na kufumbua alikuwa amekwisha kunieleza jambo lenyewe, tangu chanzo chake, pamoja na sehemu ambayo hata mama mkwe asingepaswa kuisikia. Sikuweza kumkatiza, sauti yangu ingemuumbua. Nikamshika bega, nikaguna kama mtu mzima wa kike, nikaondoka taratibu.

Alikuja kugundua kosa lake kesho yake, mama mkwe halisi alipofika akiwa na maswali yaleyale ambayo yeye alidhani ameyajibu. Kwa muda mrefu tukawa hatutazamani usoni, na vikao vya fedha vya Umoja vikawa vigumu.

4. Kuhusu mtaro.

Naomba hapa uketi, kama mmebakiza viti.

Muuguzi wa zahanati yetu alikuwa anaolewa na dereva wa lori. Ni binti aliyewachoma sindano watoto wa mtaa mzima, na bado watoto wanampenda; kwa hiyo alipokuja na mchumba wake kuagiza makochi ya nyumba yao mpya, niliamua kwamba hiyo ndiyo kazi nitakayokumbukwa nayo. Alichagua kitambaa mwenyewe, rangi ya zambarau, akakipapasa kwa shavu kama anapima homa. Nilichonga miguu kwa mkono. Nilifunga springi moja moja. Mke wangu, ambaye hasifu ovyo, aliingia karakana akakaa kwenye lile kochi refu, akasema, "Hili ukiliuza utalikumbuka."

Mvua ilinyesha mchana, watu wakiwa kazini. Mtaro, ambao tangu mlipowaondoa wazibuaji ulikuwa umejaa maranda, mifuko na kiatu kimoja cha mtu asiyejulikana, ukakataa maji. Maji yakageuka, yakatafuta mlango ulio wazi, na mlango wangu huwa wazi kwa sababu mimi ni mfanyabiashara.

Sponji, Mheshimiwa, ni kitu kisicho na itikadi. Kinakunywa maji ya kila chama. Nilipofika, lile kochi refu lilikuwa limevimba limejiinua mbele, kama linataka kuomba kura. Nikapiga kelele. Wa kwanza kufika alikuwa mke wangu, na nyuma yake mteja wake, nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama. Akaja muuza dawa, ambaye kwa mara ya kwanza tangu lile giza alinitazama usoni. Akaja Bi Alfajiri, na hakutaja bei. Tukayabeba makochi kwa pamoja, yakitoa maji kila tulipopiga hatua, tukayapanga kwenye kibaraza cha soko la mbao kama wagonjwa waliolazwa.

Muuguzi akafika na mchumba wake. Aliweka kiganja juu ya kiti, akabonyeza kidogo, maji yakamshukia viatuni. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Aliuliza tu, "Fundi, litakauka kabla ya siku yenyewe?" Mchumba wake ndiye aliyeuliza kwa ukali, kama ilivyo haki yake, "Huu mtaro unamhusu nani?"

Kwa miaka yote hiyo, swali hilo likiulizwa, jibu lilikuwa likitoka kinywani mwangu bila kupita kichwani: Baraza. Nikafungua kinywa. Jibu likakwama. Nikawatazama wale watu wote waliolowa kwa ajili yangu, nikasema, "Sekta binafsi."

Akauliza, "Anakaa wapi huyo?"

Mke wangu akageuka upande wa pili, mabega yakimtikisika. Mpaka leo anasema alikuwa analia.

Punguzo la kodi mlilonipa kutokana na mapendekezo yangu, ambalo nalishukuru kwa dhati, lilikwenda lote kwenye sponji mpya. Nilivunja makochi yale hadi mifupa, nikayajenga upya, na muuza dawa akanishikia kitambaa nilipokuwa navuta. Harusi ilifanyika. Watu walikaa. Zambarau ilichuja kidogo kwenye suruali nyeupe ya bwana harusi, lakini bibi harusi akasema ni alama ya kheri, na kwa kuwa ndiye mwenye sindano hakuna aliyebisha.

5. Kuhusu kujitegemea, jambo nililolihubiri na ambalo, kwa bahati mbaya, lilifanikiwa.

Baada ya mafuriko tulikutana karakanani, tukakaa juu ya mbao, nikasimama nikasema huu ndio wakati wa raia kuonyesha kwamba anaweza. Na tuliweza. Sitakubali mtu aseme hatukuweza. Tuliuzibua ule mtaro kwa mikono yetu, tangu soko la mbao hadi barabara kuu. Muuza dawa alizama hadi kiunoni, akakipata kile kiatu, akakiinua juu kama kombe. Tulicheka hadi mambo ya giza yakasahaulika. Fundi umeme wa mtaa akatufungia taa za nje siku hiyohiyo, bila kikao, bila zabuni. Nilisimama katikati ya mtaa nikaona mwanga ukiwaka nyumba hadi nyumba, nikasema moyoni, kumbe nilikuwa na haki.

Mwezi uliofuata mtaro ukaziba tena, na kila mwanamume wa mtaa akakumbuka ana mgonjwa mahali fulani.

Tukaona busara tuwe na vibarua wa kudumu. Vibarua wanakula, kwa hiyo tukakubaliana kila nyumba itoe mchango. Mwenye nyumba kubwa akasema si haki alipe sawa na mwenye chumba kimoja, mwenye chumba kimoja akasema hiyo ndiyo kauli ya kwanza ya haki aliyowahi kuisikia kwake, tukapanga viwango. Wengine wakachelewa, ikabidi apatikane mtu wa kuwafuata. Mtu wa kuwafuata akafukuzwa na mbwa, akataka karatasi ya kuonyesha ametumwa. Karatasi ikataka muhuri. Muhuri ukataka kabati lenye kufuli, na kufuli ikataka mtu wa kuaminika wa kukaa na ufunguo, naye akataka posho ya uaminifu. Vikao vikawa virefu, na mtu hawezi kupanga mambo ya umma koo likiwa kavu, ikaja chai.

Sikupendekeza hata kimoja kati ya hivyo. Vilikuja vyenyewe, vikifuatana kama vifaranga, na mbele yao, nilipotazama vizuri, kuku ni mimi.

6. Kuhusu mke wangu.

Mke wangu ana saluni katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kamati ya Mtaa, iliyozaliwa na vikao hivyo nami nikiwa mwenyekiti, ilimpangia mchango wa nyumba na mchango wa biashara, kwa kuwa sheria haina mume. Alikuja kikaoni bila kualikwa, chanuo likiwa limechomekwa kwenye nywele. Alisema hivi, nami nanukuu kwa sababu nimeshayasikia mara nyingi baadaye: "Zamani nilitozwa na watu nisiowajua. Niliwasema huku nasuka, moyo ukatulia, siku ikapita. Sasa natozwa na mume wangu. Nikimsema saluni, wateja wanamhurumia yeye. Mmeninyang'anya pesa, sawa. Lakini mmeninyang'anya na mtu wa kumlaumu."

Wanakamati walitazama vikombe vyao.

Kufika mwisho wa juma alikuwa ameanzisha Umoja wa Wachangiaji Waliochoka. Kila mwanamke aliyeketi kwenye kiti chake akainuka akiwa na nywele mpya na msimamo mpya. Na kwa kuwa kusuka huchukua muda, hakuna hoja iliyobaki bila kufafanuliwa. Bi Alfajiri akajiunga, ingawa yeye ndiye anayelipwa kwa michango hiyohiyo. Nilipomuuliza inakuwaje, akasema anapenda kukaa pande zote mbili za soko.

Halafu mke wangu akaniletea mapendekezo. Alikuja karakanani mchana, amevaa lile koti langu la kijivu, amelikunja mikono. Yalikuwa yameandikwa safi: kufuta chai ya kamati, kuuza muhuri, kumwondoa mwenye ufunguo, na kumtaka mwenyekiti alipe kodi ya kile kiti cha mikono anachokalia vikaoni, ambacho kwa kweli ni cha mteja. Niliyasoma yote. Sikuruka ukurasa. Nikavua miwani, nikamtazama mke wangu ambaye nampenda, na nikasikia sauti ikitoka ndani yangu, ya upole, iliyochoka kidogo, ikisema, "Haiwezekani."

Sasa ilitokea kwamba Mzee Haiwezekani mwenyewe alikuwa ndani ya karakana, amekuja kubadilishiwa springi za kiti chake cha kupumzikia. Alicheka, Mheshimiwa, hadi akashika meza ya kazi kwa mikono miwili. Alipopata pumzi akasema, "Ulidhani nilikuwa nafurahia kusema vile? Kila ukiondoka nilikuwa natamani nikukubalie, nione utafanya nini." Akajipangusa macho. "Haya, mwagizie chai mgeni wako."

Sikuweza kumwagizia, maana chai ndiyo iliyokuwa hoja yake ya kwanza.

Tangu hapo nakula mezani na upinzani rasmi. Chakula ni kizuri kama zamani, lakini kabla ya kuomba chumvi lazima nieleze itatumikaje.

7. Kwamba Dawati la Malalamiko mmelifunga, nalo pia nililiomba mimi. Ndiyo sababu barua hii imekuwa ndefu. Ingepita dawatini, yule karani mwenye mafua angeniambia nifupishe.

8. Kuhusu barua yenu ya juzi.

Tulipokuwa tukihangaika na hayo, ninyi mlikuwa mkitutazama kwa mbali na kufurahi. Mkatuletea kibao cha Mtaa wa Mfano. Mkaanza kututumia wageni kutoka mitaa mingine waje wajifunze jinsi raia anavyojitegemea. Wanakuja makundi makundi, wanapiga picha na mtaro, wanakunywa chai ya kamati, wanaondoka bila kuchangia. Nilivumilia, kwa sababu uvumilivu umo katika jina la Umoja wetu.

Lakini barua ya juzi imevuka mpaka. Mnasema kwamba kwa kuridhishwa na utendaji wangu, na ili kubana matumizi zaidi, Baraza linanikabidhi mitaa mitatu ya jirani pamoja na machinjio. Mnasema hatua hii inatokana moja kwa moja na falsafa yangu. Mmeninukuu, tena kwa usahihi.

Niliisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya kamati. Muuza dawa aliomba kujiuzulu kabla sijafika kwenye machinjio. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni kwa niaba ya Waliochoka, akaichukua barua, akaisoma tena polepole, akanirudishia. "Hongera," akasema. "Utakuwa Baraza." Nilimwangalia usoni nione kama ni kejeli, nikakuta ni masikitiko ya kweli, na hilo ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Kwa mantiki hiyo, Mheshimiwa, tazama mwisho wake. Mkiendelea kubana nami nikiendelea kufanikiwa, itafika siku mtanikabidhi mitaa yote, hospitali, magari mawili ya zimamoto na ninyi wenyewe. Nitahitaji ofisi. Nitahitaji ghorofa, yumkini ya pili. Nitaajiri makarani wa kupokea malalamiko ya mke wangu. Nitapandisha michango na kuiita kitu kingine. Na siku moja atapanda ngazi fundi kijana, misumari mfukoni, kaulimbiu yake ikiwa ni Serikali nyembamba, naye atakuwa na haki, nami itabidi nimnyime. Mimi, ambaye maisha yangu yote nimetaka serikali iwe ndogo, nitakuwa nimezaa ya pili.

Kwa hiyo, bila kuiacha imani yangu hata chembe, naomba yafuatayo:

Kwanza, Baraza liuchukue tena mtaa wetu, pamoja na mtaro, taa na Bi Alfajiri, kwa bei atakayokubali yeye. Mchukue na muhuri. Kufuli tutaiacha wazi.

Pili, mturudishie kodi yetu ya zamani yote, na mtu wa kuja kuitoza, ikiwezekana yule mwenye dharau.

Tatu, Baraza limpokee mke wangu kama mlalamikaji wenu rasmi. Ni mchapakazi, anaandika vizuri, na hoja zake, kwa kuwa sasa zitakuwa dhidi yenu, nitaziunga mkono zote.

Nne, na hili ndilo kubwa: bajeti ijayo nitakapokuja na mapendekezo yangu, naomba nikaribishwe kiti, nipewe chai, yasomwe yote, kisha nikataliwe kwa heshima. Ikiwa wewe binafsi huna uwezo wa kukataa, Mzee Haiwezekani yupo nyumbani na springi zake ni mpya. Anaweza kuitwa kwa siku moja. Najua hilo litaongeza matumizi. Yaongezeke.

Nisalimie makamu wako, mhasibu mkuu, walinzi wa getini waliobaki, na yule karani mwenye mafua popote alipo. Mwambie kwamba mke wangu anamuulizia, na kwamba kwa mafua yale angekwenda kwa muuza dawa wetu. Muuguzi na mumewe wanakusalimu wakiwa wamekaa. Muuza dawa anakusalimu. Mama mkwe wake, ambaye tumekuwa marafiki wakubwa, anakusalimu pia. Na mtaa mzima unawatakia Mpango mwema wa Kufufua Uchumi, mradi uanzie kwingine.

Ni mimi, raia wenu mtiifu ninayesubiri kukataliwa,

Fundi Makochi,
Mwenyekiti, Umoja wa Walipakodi Wavumilivu,
na, hadi mtakapojibu, Mwenyekiti wa Kamati ya Mtaa.

N.B. Nilikuwa njiani kuileta barua hii nilipokuta gari la Baraza limeegeshwa mwanzo wa mtaa wetu. Kumbe mke wangu na wenzake walikuja kwenu Ijumaa bila kuniambia, wakaomba kila kitu kirudishwe, nawe ukasema, "Imekubaliwa." Nilifurahi kiasi kwamba nilisimama kivulini kuwatazama vijana wenu wakirudisha taa ya kwanza. Nimesimama hapo kwa muda, Mheshimiwa, na nimeona jambo. Taa ni moja. Watu ni watatu. Wa kwanza amepanda. Wa pili ameshika ngazi. Wa tatu ametia mikono mifukoni anatazama juu. Hii ndiyo serikali inayokula jasho letu, na kwa hiyo naomba yote niliyoandika hapo juu yafutwe. Mapendekezo mapya ya kubana matumizi yatakufikia Jumatatu, na koti limekwisha kupigwa pasi. Nimerudi sasa hivi kumwangalia yule wa tatu kwa karibu ili nimtaje kwa sifa zake, nikakuta ni mtoto wa dada yangu, aliyekaa bila kazi mwaka mzima. Amesema ameajiriwa leo asubuhi. Huyo mwacheni, nimemtazama vizuri na naona anasimamia. Apunguzwe wa pili. Ngazi ina miguu yake miwili, kwa nini ishikwe?